Mtoto Haoni Mbali: Kumpima, Kumvalisha Miwani na Kuizuia Namba Isikimbie

Mtoto asiyeona mbali halalamiki. Hajawahi kuyaona majani ya mwembe moja moja akiwa upande wa pili wa barabara, kwa hiyo hajui kwamba wenzake wanayaona. Kwake mwembe ni wingu la kijani lililokaa juu ya shina, na anaamini ndivyo miti ilivyo. Ukimuuliza "Unaona vizuri?" atakujibu "Ndiyo", tena kwa moyo safi. Kazi ya kugundua ni ya mzazi.

Dalili zimejificha kwenye mambo madogo ya kila siku. Anafinya macho akitazama mbali. Anaisogelea televisheni mpaka hatua moja, na ukimrudisha nyuma anasogea tena. Darasani ananakili kwenye daftari la jirani, na hesabu zake zinakosewa kwa namna ya kushangaza: njia ni sahihi, ila swali lenyewe limenakiliwa vibaya, 3 imekuwa 8 na 6 imekuwa 5. Kwenye rede anapigwa mpira kila mara kwa sababu anauona ukiwa umeshafika. Na ipo dalili moja ambayo huku Tanga huchukuliwa kama utovu wa adabu: mtoto anapita mbele ya baraza la jirani bila kumwamkia bibi aliyekaa pale, anagombezwa, kumbe hakumtambua hadi aliposikia sauti yake. Kabla hujamwadhibu, mpime.

Kinachowapoteza wazazi ni kwamba karibu anaona vizuri kabisa. Anasoma juzuu bila kukwama, anamtungia bibi yake uzi kwenye sindano kwa mara ya kwanza tu, basi wote wanasema ana macho ya kipanga. Macho hayo hayo hayausomi ubao kutoka dawati la tatu.

Jicho limerefuka

Jicho la mtoto mchanga lina urefu wa milimita 17 hivi kutoka mbele hadi nyuma. La mtu mzima ni 23 au 24. Linapokua linatakiwa lisimame pale ambapo picha ya vitu vya mbali inatua juu ya retina, ule utando wa nyuma unaopokea picha. Kwa mtoto mwenye maiopia, yaani asiyeona mbali, jicho limepitiliza. Picha inatua mbele ya retina na kumfikia ikiwa na ukungu. Milimita moja ya ziada ni takriban namba -2.50 ya miwani.

Jicho likisharefuka halirudi. Karoti ni chakula kizuri, na upungufu wa vitamini A unaleta upofu wa usiku, lakini huo ni ugonjwa mwingine. Hakuna karoti wala zoezi la macho linalofupisha jicho. Tunachoweza ni kulipunguzia kasi, na kasi huwa kubwa mtoto akiwa mdogo. Aliyeanza na miaka 7 ana miaka mingi ya kurefuka mbele yake kuliko aliyeanza na 13.

Namba yenyewe ina maana nyepesi. Gawanya 1 kwa namba, utapata umbali wa mwisho, kwa mita, ambao mtoto anaona sawasawa bila miwani. Mwenye -1.00 anaona vizuri hadi mita 1. Mwenye -2.00, nusu mita. Mwenye -4.00, sentimita 25, na kuanzia hapo dunia yote ni ukungu. Ikifika -6.00 na kuendelea, jicho limevutika kiasi cha retina kuwa nyembamba, na huko ukubwani hatari ya retina kubanduka, presha ya macho na kuharibika kwa sehemu ya katikati ya retina inakuwa kubwa zaidi. Miwani inampa kuona, lakini hatari hiyo inabaki palepale kwa sababu jicho bado ni refu. Kila kilichoandikwa hapa chini kina shabaha moja: mtoto mwenye -1.50 leo asije akafika -6.00.

Kipimo cha nyumbani

Hakichukui nafasi ya hospitali, ila kinakuonyesha kama kuna haja ya kwenda. Kinamfaa mtoto wa miaka 5 na kuendelea.

Chukua karatasi nyeupe, rula na maka peni nyeusi. Chora herufi E ndani ya mraba wa milimita 17.5 kila upande. Mgongo wa E uwe na unene wa milimita 3.5, kila mguu kati ya ile mitatu uwe na unene wa 3.5, na kila nafasi kati ya miguu iwe 3.5. Hivyo ndivyo E inavyojigawa mara tano kamili. Jaza wino mweusi kotekote, usiache michirizi. Kata karatasi iwe mraba ili uweze kuizungusha E itazame juu, chini, kulia au kushoto bila umbo la karatasi kumpa mtoto fununu.

Pima mita 6 kwa futi kamba. Ndani ya nyumba nyingi mita 6 hazipatikani, kwa hiyo fanyieni uani kwenye kivuli chenye mwanga mzuri, wewe ukiwa na ukuta nyuma yako. Jua lisimpige mtoto usoni wala lisiing'arishe karatasi. Kwanza mkae karibu umfundishe: "Miguu ya herufi inaelekea wapi? Nionyeshe kwa mkono." Akishaelewa mchezo, arudi kwenye alama ya mita 6.

Zibeni jicho la kushoto kwa kanga iliyokunjwa au kiganja, bila kulikandamiza. Jicho lililobanwa huona ukungu kwa muda na litakuharibia zamu yake. Onyesha E mara tano, ukiigeuza nyuma ya mgongo wako kila mara. Akipatia nne au tano, jicho hilo limepita. Kisha jicho la pili. Usipime macho yote mawili kwa pamoja, kwa kuwa jicho zima huficha lile bovu, na mtoto anaweza kuishi miaka akitumia jicho moja bila mtu kujua.

Makosa ni yale yale siku zote. Mtoto anachungulia kati ya vidole. Au anafinya macho: kufinya kunapunguza ukungu na kumpitisha asiyestahili, kwa hiyo mwambie afumbue kama kawaida na mtazame usoni muda wote. Au kaka yake amesimama pembeni anamnong'onezea. Muondoeni kaka.

Akifeli, chukua kadi ngumu, itoboe kwa pini tundu la milimita 1, atazame E kupitia tundu hilo kwa jicho lililofeli. Akiiona sasa, kuna uwezekano mkubwa kwamba tatizo ni la kurekebishwa kwa miwani. Asipoiona hata hapo, usisubiri likizo ya shule. Jicho hilo linahitaji daktari mapema.

E ya ukubwa huu ni mstari ambao wapimaji huuita 6/12. Mtoto mwenye -0.50 au -0.75 anaweza kuupita. Kama amepita lakini dalili za mwanzo zipo, mpeleke vilevile.

Hospitalini: dai kipimo cha matone

Tanga mjini kliniki ya macho ipo Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Bombo. Aliye Pongwe, Maramba au Mkinga aanzie kituo cha afya cha karibu apate rufaa. Kesi ngumu hupelekwa hospitali za CCBRT au Muhimbili Dar es Salaam, au KCMC Moshi.

Msuli wa ndani wa jicho la mtoto una nguvu sana. Akiwekwa mbele ya mashine ya kompyuta na kuambiwa atazame picha iliyo ndani, msuli unakaza, na mashine inaandika namba kubwa kuliko ukweli. Mtoto asiye na tatizo anaweza kutoka na -1.00, na mwenye -1.00 akatoka na -2.00. Ndiyo maana kipimo cha kwanza cha mtoto kinatakiwa kifanyike baada ya matone ya kuulegeza msuli huo. Yanayotumika sana ni saiklopentoleti ya asilimia 1. Hudondoshwa tone moja, kisha jingine baada ya dakika 5 hivi, halafu anasubiri nusu saa hadi dakika 40. Macho yetu ya rangi nyeusi huchelewa kuitikia, kwa hiyo usikasirike ukiambiwa usubiri zaidi. Tone linawasha kwa nusu dakika, mwambie mapema. Baada yake mboni inabaki wazi mpaka kesho yake, mwanga unamuumiza na maandishi ya karibu hayasomeki: nenda na kofia, na usipange siku hiyo iwe ya kabla ya mtihani.

Mahali pengine wanapima kwa mashine tu, wanachapa karatasi na kukuuzia miwani hapohapo. Uliza kwa upole lakini bila kusitasita: "Daktari, samahani, mtoto amepimwa kwa matone?" Dalili za miwani yenye namba iliyozidi ni herufi kuonekana ndogo na nyeusi kupita kiasi, na kichwa kuuma akisoma.

Si kila ukungu ni maiopia. Mtoto anayewashwa macho kila msimu wa vumbi na kuyasugua asubuhi na jioni, atibiwe mzio kwanza, maana kusugua kwa miaka kunaifanya konea, ule utando angavu wa mbele ya jicho, ichongoke kama koni, na hapo namba hubadilika kila baada ya miezi michache huku miwani ikizidi kutosaidia. Kengeza, mboni yenye weupe (hata ukiiona kwenye picha ya simu tu), jicho jekundu lenye maumivu, au ukungu ulioanza ghafla pamoja na kiu nyingi na kukojoa mara kwa mara, hayo ni ya kupeleka hospitali siku hiyohiyo. Wala usilimwagie jicho maji ya majani, asali au maziwa ya mama. Vidonda vya konea vinavyotokana na dawa hizo vimepofusha watoto ambao shida yao ilikuwa miwani tu.

Kusoma cheti, na kukagua miwani mkononi

Cheti kina mistari miwili: R au OD ni jicho la kulia, L au OS la kushoto. SPH ndiyo namba yenyewe, na alama ya kutoa mbele yake ni lazima ionekane, -2.00 na +2.00 ni vitu viwili vinavyopingana. CYL na AX huandikwa kama jicho lina umbo la yai, yaani astigmatizimu, na AX ni nyuzi kuanzia 1 hadi 180. PD ni umbali kati ya mboni mbili kwa milimita. Kwa mtoto wa shule ya msingi huwa 50 na ushee. Kama PD haikuandikwa, omba iandikwe. Kipige cheti picha kwa simu kabla hujatoka mlangoni.

Fremu iwe ya plastiki au chuma chepesi, na upana wake usizidi uso. Mboni ikae karibu na katikati ya lenzi. Mzazi akisema "chukua kubwa atakua nayo", kama tunavyofanya kwa sare ya shule, anaharibu: fremu kubwa inateleza puani, mtoto anatazama juu ya lenzi, na lenzi ya kutoa huwa nene pembeni, hivyo upana mkubwa unaongeza uzito bure. Lenzi iwe ya plastiki, na kama ile plastiki ngumu iitwayo polikaboneti inapatikana, hiyo ndiyo bora kwa mtoto kwa sababu haivunjiki kirahisi. Lenzi ya kioo kataa kabisa. Mpira wa chandimu ukimpiga usoni, vipande vinaingia jichoni.

Zile lenzi za kuzuia mwanga wa bluu zinazosifiwa sana madukani hazijathibitika kupunguza kasi ya maiopia. Pesa hiyo ni heri iende kwenye miwani ya akiba.

Siku ya kuchukua miwani, ikague mwenyewe. Inachukua dakika 3. Chora msalaba mkubwa kwenye karatasi, ubandike ukutani. Shika miwani kwa mkono ulionyooka, tazama msalaba kupitia lenzi moja, kisha isogeze miwani taratibu kulia na kushoto. Kwa lenzi ya kutoa, mstari unaouona ndani ya lenzi unaifuata lenzi: ukienda kulia nao unaenda kulia. Ukiona unakwenda kinyume, umepewa lenzi ya kujumlisha, ile ya wazee ya kusomea, na makosa hayo hutokea. Mstari usipocheza kabisa, ni kioo kitupu. Sasa zungusha lenzi kama usukani. Mistari ikijipinda na kufungana kama mkasi, kuna CYL ndani. Kama cheti hakina CYL, rudisha.

Bado ukiwa na msalaba huo, tafuta mahali ambapo mistari yote miwili inapita ndani ya lenzi bila kukatika pembezoni. Hapo ndipo katikati ya lenzi. Weka nukta kwa kalamu ya kufutika, fanya vivyo hivyo kwa lenzi ya pili, kisha pima kati ya nukta na nukta. Linganisha na PD. Tofauti ya milimita 1 au 2 haina neno. Ikiwa 4 au 5, na namba ni -3.00 au zaidi, macho yatavutana na mtoto atalalamika kichwa. Lenzi hizo zikatwe upya.

Mwanzoni sakafu itaonekana imeinama au vitu vimekuwa vidogo, hasa kwenye CYL. Mpe siku kadhaa. Wiki mbili zikiisha bado anajikwaa, rudini.

Avae muda gani? Mwenye namba ndogo kama -0.75 anaweza kuvaa darasani na kuvua akisoma kitandani. Kuanzia -1.50 hivi ni vyema avae kutwa nzima. Bibi atauliza, "Mtoto mdogo hivi, si mnamzoesha?" Mjibuni kwa heshima: Bibi, namba inapanda kwa sababu jicho linakua, awe na miwani au asiwe nayo, ila akishauona ulimwengu ulivyo, akiivua anautambua ukungu ambao zamani aliudhani ndiyo kuona. Na wale wanaoomba namba ipunguzwe "jicho lisizoee" wanarudisha mambo nyuma. Utafiti uliochapishwa mwaka 2002 uliwafuatilia watoto wa Malaysia kwa miaka 2: waliopewa miwani pungufu kwa makusudi macho yao yaliharibika haraka kidogo kuliko ya waliopewa namba kamili.

Hewa ya bahari inakula skurubu. Kwa anayeishi Raskazone au Sahare, suuza miwani kwa maji baridi ya bomba kila jioni na tone la sabuni ya maji, kausha kwa kitambaa laini cha pamba. Usifute lenzi kavu kwa ncha ya kanga baada ya kutoka ufukweni. Mchanga uliobaki unachora mikwaruzo. Usiiache ndani ya gari juani, kwani rangi ya juu ya lenzi hupasuka. Kwa mpira na mbio, fundi cherehani anaweza kushona lastiki ya kupita kisogoni.

Dakika 120 nje, kila siku

Hili ndilo jambo lenye ushahidi mzito, halina gharama, na ndilo linalopuuzwa kuliko yote. Mtoto anayekaa nje mchana ana nafasi ndogo ya kuanza maiopia. Guangzhou, China, shule 12 ziligawanywa makundi mawili. Kundi moja likaongezewa dakika 40 za nje kila siku ya shule. Baada ya miaka 3, asilimia 30 ya watoto wa kundi hilo walikuwa wamepata maiopia, wakati kundi jingine ilikuwa karibu asilimia 40. Matokeo yalitangazwa mwaka 2015. Taiwan walishaanza tangu 2010 kuhimiza shule ziwape watoto dakika 120 za nje kwa siku. Manufaa ni makubwa kwa asiyeanza bado. Kwa aliyekwisha kuvaa miwani yapo lakini ni madogo, kwa hiyo wadogo zake ndio wa kuwalinda kwanza.

Kinachofanya kazi ni mwanga. Chumbani na taa ikiwaka mwanga huwa wa mamia machache ya vipimo viitwavyo laksi. Nje mchana ni elfu kumi na zaidi, na hata chini ya mkungu au mwembe unabaki elfu kadhaa. Mwanga huo unaifanya retina itoe kemikali iitwayo dopamini, inayoliambia jicho lipunguze kurefuka. Kwa hiyo kivuli kinatosha, kofia inaruhusiwa, na hakuna haja ya kumchomesha mtoto jua la saa saba mchana. Asilitazame jua lenyewe hata mara moja, linaunguza retina. Barazani ni bora kuliko chumbani, lakini chini ya paa refu mwanga umeshapungua sana. Toka hatua chache uani.

Hesabu siku ya mtoto wako kwa dakika. Anayetembea kwenda shule saa 1 kasoro asubuhi anapata dakika 25. Mapumziko ya saa 4, 20. Kurudi kwa miguu mchana, 25. Madrasa inamweka ndani alasiri, na ikimalizika saa 11 akabaki uwanjani na kombolela au chandimu mpaka karibu na saa 12, hiyo ni 55. Jumla ni 125, ametimiza. Sasa mtoto huyo huyo, badala ya kutembea kwa miguu, umpandishe bajaji, mpeleke tuisheni saa 9 hadi saa 12: amebaki na dakika 20 za mapumziko. Namba inapanda hapo. Tuisheni ikiwa haiepukiki, walimu wa mtaani wengi watakubali wakiombwa kufundishia chini ya mti. Aliyebanwa wiki nzima apewe Jumamosi na Jumapili za kutosha, ufukweni au uwanjani, na wakati wa masika msisubiri siku nzima kavu. Mvua ikikatika kwa muda wa saa moja, watoke.

Kusoma karibu, na simu

Kitabu kikae umbali wa kiwiko hadi konzi, yaani sentimita 30 au zaidi. Akisoma msahafu, tumieni marfaa badala ya kuulaza mkekani, kwa kuwa mtoto akisoma chini huinama mpaka pua inakaribia kugusa aya. Kila dakika 20 hadi 30 ainue macho atazame mbali, nje ya dirisha, kwa nusu dakika. Taa itoke upande wa kushoto kwa anayeandika kwa mkono wa kulia, ili kivuli cha mkono kisimfuate.

Simu ni mbaya kuliko kitabu kwa sababu mbili: inashikwa karibu zaidi, sentimita 20 hivi, na haina mwisho wa ukurasa wa kumfanya apumue. Katuni ziwekwe kwenye televisheni, naye akae mita 2 au zaidi.

Shuleni, mwambie mwalimu waziwazi: "Shikamoo mwalimu. Mwanangu haoni mbali, amepewa miwani. Naomba akae dawati la mbele, katikati, na akiivua umkumbushe." Kiti cha mbele kinamsaidia asome, hakitibu. Muombe pia akemee utani wa "macho manne" siku ya kwanza, maana miwani nyingi huishia ndani ya begi kwa ajili ya neno hilo.

Dawa na lenzi maalumu

Matone ya atropini yaliyopunguzwa nguvu, tone moja kila jicho usiku, yanapunguza kasi. Utafiti wa Hong Kong ulilinganisha asilimia 0.01, 0.025 na 0.05, na 0.05 ikafanya vizuri zaidi. Hutumika kwa miaka, chini ya daktari. Atropini inayokaa kwenye maduka mengi ya dawa ni ya asilimia 1, mara 20 ya hiyo. Usijaribu kuichanganya na maji nyumbani: vipimo havitatoka, vijidudu vitaingia, na ikizidi mtoto anapata homa, uso mwekundu, kinywa kikavu na moyo kwenda mbio.

Zipo pia lenzi za miwani zilizotengenezwa mahususi kupunguza kasi, na lenzi za kuvaa juu ya jicho lenyewe (kontakti lenzi), nyingine za kulala nazo. Hizi za juu ya jicho zikiguswa na maji ya bomba au kisima zinaweza kuleta maambukizi mabaya ya konea, kwa hiyo ni za familia inayoweza kufuata usafi bila kuruka hata siku moja. Upasuaji wa leza ni wa watu wazima ambao namba imesimama.

Daftari la namba

Nunua daftari dogo. Kila kipimo andika tarehe, jicho la kulia, jicho la kushoto, na kama yalitumika matone au la, kwa sababu namba ya matone na isiyo ya matone hazilinganishwi. Mrudishe kila miezi 6. Kupanda kwa 0.50 kwa mwaka ni mwendo wa kawaida kwa mtoto mwenye maiopia. Ikiwa 1.00 au zaidi kwa mwaka, au ameanza kabla ya miaka 6, omba rufaa mzungumzie atropini au lenzi maalumu, na konea ikaguliwe.

Katikati ya miezi hiyo unaweza kufuatilia kwa rula. Miwani ivuliwe, jicho moja lizibwe, ashike maandishi madogo karibu na uso kisha ayasogeze mbali taratibu hadi yanapoanza ukungu. Pima kutoka pembe ya jicho. Sentimita 50 ni kama -2.00, 33 ni -3.00, 28 ni -3.50. Tumia kitabu kilekile na mahali palepale. Umbali ukifupika mara mbili mfululizo, usingoje tarehe.

Akisema anaona vimulimuli pembeni, madoa meusi mengi yaliyotokea ghafla, au pazia linaloshuka upande mmoja wa jicho, huenda retina inabanduka. Nendeni hospitali siku hiyo.

Kila mnapokwenda kupima, bebeni daftari, cheti cha mwisho na miwani ya zamani, hata kama mkono wake umevunjika. Mpimaji ataiweka kwenye mashine asome namba iliyo ndani ya lenzi, na mara nyingine hapo ndipo inapogundulika kwamba mtoto alikuwa hajavaa kile kilichoandikwa kwenye cheti.